Kimathi: Jemadari aliyeitisha Bunge msituni kabla ya Waafrika kupata kura

KWA Wakenya wengi, jina la Dedan Kimathi huleta picha moja tu akilini. Ni picha ya mwanamume mwenye nywele ndefu zilizosokotwa, amelala chali, mikono imefungwa pingu, huku macho yake yakimkazia mpigapicha. Picha hiyo ilipigwa na maafisa wa serikali ya kikoloni mwaka 1956, baada ya kunaswa kwake katika Wilaya ya Nyeri, na ikasambazwa ili kila mtu ajue kwamba vita vya Mau Mau vimekwisha.

Picha hiyo imezika upande mwingine wa maisha ya shujaa huyo. Kabla ya kuwa jemadari, Kimathi alikuwa mwalimu, karani na katibu wa tawi la chama cha siasa. Hata alipokuwa akiwindwa na ndege za kivita katika msitu wa Nyandarua, aliendelea kuitisha vikao, kuhifadhi kumbukumbu za mikutano na kutaka viongozi wachaguliwe na wenzao. Mwezi Februari 1954, miaka mitatu kabla ya Mwafrika yeyote nchini kuruhusiwa kumchagua mwakilishi wake katika Baraza la Kutunga Sheria, wapiganaji walikusanyika msituni humo wakaunda chombo walichokiita Bunge la Kenya.

Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957. Mwezi uliofuata, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza. Matukio hayo mawili yalifuatana kwa karibu mno, na si rahisi kulielewa moja pasipo jingine.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa Oktoba 31, 1920, katika eneo la Thegenge, Tetu, kwenye miteremko inayopanda kutoka mji wa Nyeri kuelekea milima ya Nyandarua. Baba yake alikuwa ameaga dunia kabla hajazaliwa, na akalelewa na mama yake, Waibuthi, katika boma la wake watatu. Alichelewa kuanza masomo. Alikuwa na umri wa miaka 15 hivi alipojiunga na shule ya Karuna-ini, na huko akaonyesha kipawa cha lugha. Aliimudu lugha ya Kiingereza, akapenda ushairi na akawa mwanachama wa chama cha midahalo. Waliosoma pamoja naye walimkumbuka kama kijana mwenye maneno mengi, asiyekubali kushindwa katika hoja.

Karo ilikuwa kikwazo kikubwa. Ili kuilipa, kijana huyo alikuwa akikusanya mbegu za miti na kuziuzia idara ya misitu. Hatimaye alifika katika shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Tumutumu, karibu na Karatina, mojawapo ya shule zilizotoa wasomi wa mwanzo wa eneo la Mlima Kenya. Hakudumu huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alijiunga na jeshi la mkoloni, lakini napo hakukaa muda mrefu. Miaka iliyofuata alihama kutoka kazi moja hadi nyingine, mara mwalimu, mara karani, mara kibarua katika mashamba ya walowezi upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo huitwa Nyahururu.

Maisha hayo yalimwonyesha pande mbili za Kenya ya wakati huo. Huko Tetu aliwaona wazazi wakigawanya vishamba vilivyozidi kuwa vidogo. Ng'ambo ya milima aliona mashamba makubwa ya Wazungu, ambako Mwafrika aliishi kwa idhini ya mwajiri wake na kutembea na kipande mfukoni. Kuhusu pande zote mbili, sheria zilitungwa Nairobi na watu ambao Mwafrika hakuwa amewachagua.

Yafaa kueleza jinsi uwakilishi ulivyokuwa. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907. Walowezi wa Kizungu walipata haki ya kuchagua wajumbe wao mwaka 1920. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko jamii nyingine zote, walisemewa na wamishonari wa Kizungu walioteuliwa na gavana. Ni mwaka 1944 ambapo Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Barazani, na yeye pia aliteuliwa. Nyeri, sawa na wilaya nyingine, ilikuwa na Baraza la Wenyeji tangu mwaka 1925, lakini mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, na uamuzi wowote ulihitaji ridhaa ya serikali.

Kwa Wakikuyu, utaratibu huo ulikuwa mgeni. Kwa mila zao, uongozi haukuwa mali ya mtu mmoja. Baraza la wazee, yaani kiama, liliamua mambo baada ya mashauriano, na rika moja la watawala lilikabidhi madaraka kwa rika jingine katika sherehe ya ituika. Simulizi za jadi zilieleza kwamba kizazi cha Iregi kilipata jina lake kwa kumwasi mtawala dhalimu. Wazo kwamba anayeongoza sharti akubalike kwa wanaoongozwa halikuja Nyeri kwa meli.

Kimathi aliingia siasa kupitia chama cha KAU. Mwaka 1952 alichaguliwa katibu wa tawi la Thomson's Falls, na huo ndio uchaguzi wake wa kwanza wa kisiasa. Julai 26 mwaka huo, umati uliokadiriwa kuwa wa watu 30,000 ulifurika mjini Nyeri kumsikiliza Jomo Kenyatta, aliyekuwa rais wa chama hicho. Matakwa ya KAU yalikuwa ardhi na uwakilishi wa kuchaguliwa. Lakini wakati viongozi wakihutubia mikutano ya hadhara, viapo vilikuwa vikiliwa usiku vijijini, na Kimathi alikuwa miongoni mwa walioviongoza.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Kenyatta na viongozi wenzake wakakamatwa, na mwaka uliofuata KAU ikapigwa marufuku. Mlango wa siasa za wazi ulifungwa kwa komeo. Kimathi, aliyekuwa amewahi kukamatwa na kuponyoka, aliingia katika msitu wa Nyandarua pamoja na mamia ya vijana kutoka Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira. Wengine walipanda Mlima Kenya, wakiongozwa na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China.

Mwanzoni hapakuwa na jeshi moja. Kila kikundi kiliishi katika kambi yake, iliyoitwa mbuci, chini ya kiongozi aliyetambuliwa na vijana wa kijiji chake. Kulikuwa na njaa, baridi kali na uhasama baina ya makundi. Hali hiyo ndiyo Kimathi aliyotaka kuirekebisha, na silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu. Aliandika barua kwa makundi yaliyotawanyika, akaiandikia serikali na hata magazeti, akiwataka wasomaji wajue kwamba waliomo msituni walikuwa na madai ya kisiasa.

Agosti 1953, maelfu ya wapiganaji walikutana mahali paitwapo Mwathe, ndani ya Nyandarua. Mkutano huo uliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, na Kimathi akachaguliwa kuwa mwenyekiti wake. Majeshi yakapewa majina kulingana na maeneo. Wapiganaji wa Nyeri wakawa Ituma Ndemi, wa Murang'a wakawa Gikuyu Iregi, na wa Mlima Kenya wakawa Mei Mathathi. Kwa msikilizaji wa Kikuyu, Ndemi, Iregi na Mathathi yalikuwa majina ya vizazi vya kale. Wapiganaji walijihesabu kama rika jipya lililofika wakati wake wa kushika usukani.

Miezi sita baadaye, ilikuwa dhahiri kwamba baraza hilo halikutosha. Makamanda wake walikuwa wametawanyika, kila mmoja akihangaika na vita vya eneo lake, na kuwakutanisha kulikuwa kazi ngumu. Isitoshe, lilikuwa baraza la wanajeshi, ilhali madai waliyopigania yalikuwa ya kisiasa. Ndipo mkutano wa Februari 1954 ulipounda Bunge la Kenya. Wajumbe 12 walichaguliwa. Kazi yao ilikuwa kutunga kanuni, kutoa vyeo, kusuluhisha migogoro na kusema kwa niaba ya nchi nzima, wala si kwa niaba ya wilaya moja. Kimathi akawa kiongozi, na baadaye akajulikana kwa cheo cha Waziri Mkuu. Katibu mkuu alikuwa Karari Njama, mwalimu kutoka Nyeri, ambaye kitabu alichokiandika pamoja na msomi Donald Barnett, kilichochapishwa mwaka 1966, ndicho kimehifadhi mengi yanayojulikana kuhusu vikao hivyo.

Mtu aweza kucheka akisikia habari za bunge lisilo na jengo, bajeti wala bendera, ambalo wajumbe wake walikalia magogo chini ya mianzi. Lakini msomaji na atazame yaliyokuwa yakifanyika Nairobi majira yayo hayo. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alifika Kenya mapema mwaka 1954 na kuleta katiba mpya. Katika baraza la mawaziri, Wazungu wasiokuwa watumishi wa serikali walipewa viti vitatu, Waasia viwili na Waafrika kimoja, kilichochukuliwa na B. A. Ohanga. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amepiga kura. Ukilinganisha vyombo hivyo viwili kwa kigezo cha nani alichaguliwa na watu wake, jibu halilipendezi jengo la mawe la Nairobi.

Hata hivyo, Bunge la msituni lilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Stanley Mathenge, askari mzoefu aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye heshima yake miongoni mwa wapiganaji wa Nyeri haikupungua ile ya Kimathi, hakuhudhuria mkutano uliolizaa. Yeye na wafuasi wake waliona kwamba chombo hicho kilikuwa cha wenye kisomo. Waliojua kusoma na kuandika ndio waliokuwa wakishika kumbukumbu, kuandika barua na kupokea vyeo, ilhali wapiganaji wengi walikuwa hawakuketi darasani.

Manung'uniko hayo yalizaa chombo kingine kilichoitwa Kenya Riigi. Riigi kwa Kikuyu ni mlango wa nyumba, ule wa fito uliofungwa usiku kuzuia maadui. Mathenge na Kahiu-Itina ndio waliokuwa vinara wake. Kwa lugha ya leo, tungesema kwamba Bunge lilikuwa limepata upinzani. Hoja ya wapinzani ilikuwa nzito: je, anayepigana bila kujua kusoma hana haki ya kuongoza? Swali hilo lilihitaji mjadala, tena mjadala wa aina ile aliyoipenda Kimathi alipokuwa mwanafunzi wa Karuna-ini.

Mjadala haukufanyika. Januari 1955 serikali ilitoa msamaha kwa watakaojisalimisha, na viongozi wa Riigi wakaanza mazungumzo na maafisa wa mkoloni bila idhini ya Bunge. Kimathi na wenzake waliliona jambo hilo kuwa usaliti. Viongozi wa Riigi walikamatwa na askari wa Bunge, Mathenge akiwa miongoni mwao, lakini wakatoroka. Mazungumzo yakavunjika mwezi Mei. Mathenge alitoweka mwaka huo huo na hakuonekana tena. Simulizi kwamba alivuka mpaka hadi Ethiopia zimeendelea kwa miongo mingi, na mwaka 2003 mzee mmoja aliletwa nchini kutoka huko akidhaniwa kuwa ndiye, lakini uchunguzi wa chembechembe za damu ukaonyesha kwamba hakuwa na uhusiano na familia hiyo.

Hapo ndipo Kimathi aliposhindwa na mtihani ambao umewashinda viongozi wengi waliokuja baada yake. Aliamini katika Bunge, lakini hakupata njia ya kuishi na waliolikataa. Kadiri msako ulivyomzidi, ndivyo alivyozidi kuwashuku walio karibu naye. Adhabu kali zilitolewa msituni, zikiwemo za kifo, na si zote zilizotokana na hukumu ya haki. Hayo yameandikwa na watu waliompenda na kumfuata, si maadui zake pekee.

Ni kweli pia kwamba hakuna bunge ambalo lingestawi katika mazingira hayo. Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya watu, likakata njia ya chakula, dawa na risasi. Kuanzia mwezi Juni, zaidi ya watu milioni moja katika wilaya za Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na jirani zao walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ulinzi. Mtaro mrefu ulichimbwa kandokando ya msitu, na wanawake ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ndege zilidondosha mabomu milimani. Mahakama za kikoloni zilinyonga watu 1,090 katika kipindi hicho. Kwa upande mwingine, raia Waafrika wapatao 1,800 waliuawa na Mau Mau, wengi wao wakiwa majirani na jamaa za wapiganaji. Nyeri ilipigana na Waingereza, na wakati huo huo ilipigana yenyewe kwa yenyewe.

Kufikia mwaka 1956 Kimathi alikuwa amebakiwa na wafuasi wachache. Afisa wa polisi Ian Henderson aliwatumia wapiganaji waliobadili upande kuwasaka wenzao. Alfajiri ya Oktoba 21, 1956, Kimathi alikutana na polisi wa kijiji aliyeitwa Ndirangu Mau karibu na ukingo wa msitu huko Tetu, akapigwa risasi mguuni na kukamatwa. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Alinaswa akiwa karibu na alikozaliwa, na aliyemfyatulia risasi alikuwa Mkikuyu mwenzake.

Kesi ilisikizwa mjini Nyeri mwezi Novemba, chini ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akisaidiwa na wazee watatu wa Kikuyu. Mashtaka hayakugusa vita, mauaji wala uasi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, makosa ambayo chini ya sheria za hali ya hatari yalitosha kumpeleka mtu kitanzini. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Mahakama haikukubali. Novemba 27 alihukumiwa kifo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliitupilia mbali rufani yake, na mahakama ya juu kabisa ya himaya huko London ikakataa kuisikiliza. Alfajiri ya Februari 18, 1957, akanyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humo humo, katika kaburi lisilo na alama.

Mwezi Machi ukafika, na uchaguzi ukafanyika. Viti vinane vya Waafrika vilishindaniwa kote nchini. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mapato, mali au utumishi, na mtu mmoja aliyetimiza masharti kadhaa angeweza kuwa na kura hadi tatu. Lakini kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada. Kila aliyetaka kujiandikisha ilimpasa awe na cheti cha uaminifu, kinachothibitisha kwamba aliiunga mkono serikali dhidi ya Mau Mau. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Nyeri walikuwa kizuizini au walinyimwa cheti hicho, na hivyo wakawa watazamaji.

Matokeo yake yalionekana mara moja. Katika Mkoa wa Kati, Wameru waliokuwa wamepewa vyeti kwa wingi zaidi ndio waliokuwa na nguvu katika daftari la wapigakura. Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, alimshinda Eliud Mathu, Mkikuyu aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuketi Barazani. Hakuna aliyeiba kura. Uchaguzi uliamuliwa pale ambapo orodha ya wapigakura ilitayarishwa, na hilo ni funzo ambalo wanasiasa wa Kenya hawajalisahau hadi leo.

Kenya haikuwa peke yake. Julai mwaka huo huo, Unguja na Pemba nazo zilichagua wajumbe wa kwanza wa Baraza lao la Kutunga Sheria, viti sita tu, kwa kura iliyozungukwa na masharti ya umri, mali na elimu. Ndivyo Waingereza walivyopenda kuitoa haki hiyo, kwa kijiko, wakipima kila tone.

Lakini mlango uliofunguliwa kidogo haukuweza kufungwa tena. Wajumbe wanane waliochaguliwa mwaka 1957, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walikataa kushika nyadhifa za uwaziri na kuikataa katiba ya Lyttelton. Walidai viti zaidi, wakavipata. Mikutano ya Lancaster House ilifuata kuanzia mwaka 1960, na Mei 1963 Wakenya wakapiga kura iliyoleta serikali ya kujitawala. Wanahistoria hubishana iwapo ni risasi za msituni au hoja za Barazani zilizoleta uhuru. Ukweli ni kwamba Waingereza hawangeharakisha kuwasikiliza waliovaa suti kama hawangekuwa wamewaogopa waliovaa ngozi.

Baada ya uhuru, Kimathi alisahauliwa kwa makusudi. Desemba 1963 wapiganaji waliosalia walitoka msituni, na wengi wao wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kusalimisha silaha. Walirudi vijijini na kukuta ardhi ikiwa imegawanywa na kuandikishwa majina ya wengine. Jina la Kimathi lilipewa barabara katikati ya jiji la Nairobi, lakini marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na mkoloni ilibaki katika sheria za Kenya kwa miaka 40, hadi ilipoondolewa mwaka 2003 chini ya serikali ya Rais Mwai Kibaki, ambaye alikuwa mbunge wa Othaya, jirani na Tetu. Kibaki ndiye pia aliyezindua sanamu ya Kimathi jijini humo Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mjini Nyeri, chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake kilipata hati rasmi mwaka 2012. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahasiriwa 5,228 wa mateso ya wakati huo.

Kaburi lake, hata hivyo, limebaki kitendawili. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliwaomba viongozi wa serikali moja baada ya nyingine wamsaidie kuyapata mabaki ya mumewe ili ayazike kwa heshima. Aliaga dunia Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua, kabla ombi hilo halijatimizwa.

Ukimpima Kimathi kwa mizani ya haki, utakuta mapungufu. Alipenda vyeo vikubwa, alikuwa mkali kwa wapinzani wake, na Bunge aliloliunda halikumaliza hata miaka miwili bila kugawanyika. Lakini yafaa kukumbuka kwamba angeweza kujitangaza mkuu kwa nguvu ya bunduki, kama walivyofanya wababe wengi wa vita barani Afrika. Badala yake, katika baridi na njaa, akiwa na bei juu ya kichwa chake, aliitisha uchaguzi. Alijua kwamba amri isiyotokana na ridhaa ya watu haina tofauti na amri ya gavana.

Leo, mkazi wa Tetu hahitaji cheti cha uaminifu ili apige kura. Kitambulisho chatosha kumwandikisha, na kura ya mkulima wa majani chai ina uzito sawa na ya profesa. Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 inasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Katika kura ya maamuzi iliyoipitisha, wafungwa wa Kenya waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, na katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2017 na ule wa 2022 wakamchagua rais wa nchi wakiwa gerezani. Miongoni mwa vituo vyao kilikuwamo kile cha Kamiti, ambako wafungwa walipanga foleni na kutumbukiza kura zao katika ardhi ileile iliyomficha Dedan Kimathi.